Maji Yasiyo na Pa Kukimbilia

Kibaha na Kisarawe zote mbili zimo katika Mkoa wa Pwani, na hakuna hata moja inayogusa bahari. Kibaha, makao makuu ya mkoa, imekaa kwenye barabara ya Morogoro, kilomita 40 hivi kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kisarawe imepanda vilimani, kwenye misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Maji tunayoyajua huku ni ya mto Ruvu, ya visima na ya masika. Samaki tunaowajua wakiwa hai ni perege, sato na kambale. Wa baharini hutufikia kwenye ndoo za wachuuzi waliotoka nazo alfajiri kwenye soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, macho yamekwisha kufifia, na wengi wetu hatujawahi kuziona rangi zao za uhai. Kangaja anayemwagwa sokoni akiwa wa kijivu alikuwa na buluu kali jana yake, na ukimtazama kwenye karai huwezi kujua kwamba alikuwa na malisho yake mwambani na akiyalinda kwa ukali.

Mpwa wangu anajenga nyumba ya wageni Kibaha. Alipokuwa akifanya kazi Dubai aliliona lile tangi la Dubai Mall, lililofunguliwa mwaka 2008, lita milioni 10 za maji, papa na taa wakielea juu ya vichwa vya watu, na picha ile haijamtoka. Sasa anataka ukuta mmoja wa mapokezi uwe kioo, na nyuma ya kioo lita 3,000 za maji chumvi. Alinionyesha kwenye simu samaki anaowataka: chewa, mkunga, kikande mwenye madoa meupe tumboni, kangaja wa buluu watatu, vitatange wa manjano, na wale wadogo wa rangi ya chungwa ambao watoto wanawaita Nemo. Akaniambia, “Mjomba, wewe umefuga samaki tangu sijazaliwa. Nichagulie wanaopatana.”

Ombi hilo nimekaa nalo muda mrefu. Mimi ni mtu wa mabwawa, na mfugaji wa mabwawa akiulizwa samaki gani wanapatana, jibu analo tayari, tena la uhakika. Kadiri nilivyolichunguza jibu langu ndivyo nilivyoona kwamba halihusu kupatana hata kidogo.

Huku kwetu jambo hili hujulikana hivi. Sato huzaa mno. Jike hubeba mayai mdomoni, kisha hubeba vitoto, na baada ya miezi mitatu au minne vitoto hivyo navyo vinazaa, hata robo kilo havijafika. Bwawa linajaa samaki wa ukubwa wa kidole gumba, wote wanagombea pumba na chakula cha kuelea, na siku ya kuvuna unatoa nyavu zilizojaa lakini huna cha kuuza. Dawa ya kwanza ni kupandikiza madume matupu, ambayo vituo vya kuzalisha vifaranga huyapata kwa homoni. Dawa ya zamani zaidi ni kambale. Unatia kambale wachache, wanakula vitoto, sato wakubwa wanabaki na nafasi na chakula, na kambale wenyewe wananenepa. Ila kambale lazima aingie akiwa mdogo kuliko sato, tena sato wakiwa wametangulia kukua. Ukikosea mpangilio huo, baada ya muda utakuwa na bwawa la kambale peke yao.

Kwa hiyo mfugaji akisema sato na kambale wanapatana, anachosema ni kwamba mdomo wa huyu, kwa sasa, ni mwembamba kuliko kiwiliwili cha yule. Ni hesabu ya vipimo, nayo ina mwisho unaojulikana. Baada ya miezi sita, saba au minane, wote wanatolewa. Hakuna aliyewahi kuwaomba wakae pamoja hadi uzeeni. Bwawa linavumilika kwa sababu lina tarehe.

Tangi la mapokezi halina tarehe. Yule mdogo wa rangi ya chungwa, akitunzwa vizuri, anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Kangaja naye ni samaki wa miaka mingi. Mpwa wangu alipoonyesha picha ile ya kwanza kwa kidole alikuwa anamchagulia kiumbe majirani wa maisha yake yote, ndani ya ukuta ambao hautakuwa na mlango. Hapo ndipo nilipoanza kuliona tangi kama jambo la haki, na sijaacha kuliona hivyo.

Habari ya maji yenyewe ni ndefu, na wapo wanaoieleza vizuri kuliko mimi, nitaipita haraka. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Kwa lita 3,000 ni kilo 105, na chumvi ya mezani haifai, maana bahari ina magnesi, kalsi na vingine vingi ambavyo samaki na matumbawe huvihitaji. Maji ya bomba yana klorini, lazima itolewe kwanza. Halafu tangi likae wiki kadhaa kabla ya samaki kuingia, mpaka bakteria wazoee mawe na mchanga na waweze kuigeuza amonia inayotolewa na samaki kuwa nitraiti, kisha nitreti. Anayeruka hatua hii huua samaki wake wote, wanaopatana na wasiopatana. Na umeme ukikatika usiku, pampu ikasimama, oksijeni hupungua bila sauti. Jenereta ya nyumba ya wageni iunganishwe na tangi kabla ya kuunganishwa na viyoyozi.

Lakini maji yanaweza kununuliwa na kupimwa. Tabia ya samaki haipimiki hivyo. Mwaka 1866 Robert Playfair, mwakilishi wa Uingereza pale Zanzibar, na Albert Günther wa Makumbusho ya Uingereza walichapisha London kitabu kikubwa juu ya samaki wa Zanzibar. Elimu ya namna hiyo ilijengwa juu ya samaki waliokwisha kufa: miiba ya pezi ilihesabiwa, safu za magamba zikapimwa, meno yakachorwa. Namna wanavyoishi wao kwa wao ilisubiri watu waweze kukaa chini ya maji na kutazama kwa saa nyingi. Na waliotazama wameleta habari ambayo kwangu imekuwa ufunguo wa swali zima.

Kwenye miamba ya bahari yetu, kama ilivyo kwenye miamba ya Bahari ya Hindi na Pasifiki kote, yuko samaki msafishaji, mwembamba, mrefu kama kidole, buluu na mstari mweusi ubavuni. Hukaa mahali pamoja, na samaki wengine humjia awale kupe wadogo walioganda kwenye ngozi, matamvua na hata mdomoni. Alexandra Grutter, mtafiti wa Australia, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba msafishaji mmoja hula zaidi ya kupe 1,000 kwa siku. Chewa, ambaye angemmeza kwa mara moja, hupanua kinywa na kutulia, na msafishaji huingia na kutoka. Ukiruhusiwa picha moja tu ya mwamba kuonyesha viumbe wanaopatana, utachagua hiyo.

Sasa msikilize Redouan Bshary, aliyewachunguza wasafishaji hao katika Bahari ya Shamu, huko Ras Mohammed nchini Misri. Msafishaji hapendi sana kupe. Anachopenda ni ute unaofunika ngozi ya mteja, na kula ute ni kumuumiza mteja. Kwa hiyo kila mara yuko kwenye kishawishi cha kumdhulumu. Wapo samaki wenye eneo kubwa la kutembelea, wanaofikia vituo kadhaa vya wasafishaji. Na wapo wenye eneo dogo lenye kituo kimoja tu. Wale wa kwanza, wakiumwa vibaya au wakisubirishwa, huondoka na mara nyingine kwenda kituo kingine. Na hao ndio wanaohudumiwa kwanza. Wale wa pili, wasio na kituo kingine, husubiri.

Nilipolielewa hilo niliiweka kalamu chini. Adabu yote tunayoiona mwambani imeshikiliwa na jambo ambalo halionekani kwenye picha, yaani maji matupu yaliyo nyuma ya samaki. Kila mmoja anaweza kugeuza mkia na kuondoka. Kangaja aliyefukuzwa kwenye malisho ya mwenzake huogelea mita 20 na ugomvi umekwisha. Kikande mkubwa anapolinda mayai yake humshambulia hata mzamiaji, na mzamiaji akitoka kwenye eneo lake kikande hurudi mayaini. Hakuna aliyesuluhishwa. Umbali ndio uliofanya kazi.

Ukiwachukua samaki hao hao na kuwaweka nyuma ya kioo, umewapa kila kitu cha mwambani isipokuwa hicho. Mkali hana tabia mpya, ni ile ile aliyozaliwa nayo, lakini mnyonge anapogeuza mkia anakuta kioo. Anarudi, na kurudi kwake mwenzake anakusoma kama uchokozi wa pili. Baada ya siku chache mnyonge anajibana kwenye kona ya juu karibu na bomba la pampu, mapezi yameliwa, hali chakula, na mtu anayepita husema tu kwamba samaki yule anaumwa. Na samaki msafishaji mwenyewe nimemkataza mpwa wangu kabisa. Ndani ya tangi safi hakuna kupe wa kumtosha, na wengi wa jamii hiyo hufa kwa njaa wakizungukwa na chakula cha wengine.

Basi nikaichukua orodha yake na kuanza kuipunguza, huku nikimweleza sababu ya kila mmoja, maana kumkatalia mtu bila sababu ni kumfanya anunue usiku wewe usipokuwepo.

Chewa ni mdomo. Anayeingia humo ataingia siku moja, na chewa hana haraka. Wengine wa jamii yake huzidi urefu wa mtu. Mkunga ni mpole kuliko sura yake, lakini hutafuta kamba na kaa usiku, na hupita kwenye upenyo wowote wa mfuniko, asubuhi ukamkuta sakafuni. Kikande wa madoa meupe ni mzuri mno, na meno yake yametengenezwa kuvunja makombe. Kwa mtu anayetaka samaki mmoja tu katika tangi zima, nisingempinga. Pono hakuwa kwenye orodha, namtaja kwa kuwa wavuvi wengi watamletea: huyu hutafuna mwamba na kutoa mchanga, anahitaji malisho ya eneo ambalo hakuna nyumba ya wageni Kibaha itakayolitoa.

Vitatange walinisumbua zaidi. Hawagombani sana na mtu. Ukiwauliza wauzaji watakuambia wanakaa na yeyote. Ila baadhi ya jamii hiyo hawajui chakula kingine zaidi ya viumbe vidogo hai vinavyojenga matumbawe, na tangi lisilo na matumbawe ni jangwa kwao, na tangi lenye matumbawe watalimaliza. Hapa ndipo hesabu ya kupatana na majirani inaposhindwa: samaki anaweza kupatana na wote waliomo na bado akafa, kwa kuwa hapatani na mahali. Yuko pia samaki mdogo wa umbo la kisanduku, hatua za kitoto, macho makubwa, kila anayemwona humpenda. Akitishwa sana hutoa sumu kwenye ngozi, na katika maji yaliyofungwa sumu hiyo inaweza kuua tangi zima, yeye mwenyewe akiwemo. Baharini sumu ile ingechukuliwa na mkondo.

Kangaja wa buluu watatu walibaki mmoja. Hili lilimshangaza mpwa wangu kuliko yote, kwa sababu alidhani waliofanana ndio watakaoelewana. Kwa samaki wa mwambani mara nyingi ni kinyume. Aliye tofauti nawe hali unachokula, hatafuti pango lako, hamtaki jike wako. Unaweza kumpita maisha yako yote. Anayefanana nawe ndiye mshindani wako wa kila kitu. Kangaja ana wembe pande zote mbili za mzizi wa mkia, na dume akikutana na mwenzake wa rangi ile ile ndani ya kioo, wembe ule hutumika.

Wale wadogo wa rangi ya chungwa nilimwachia. Bahari yetu ina wa kwake: mmoja ana mistari miwili myeupe mwilini na hupatikana pwani ya Afrika Mashariki, mwingine ana mstari mweupe mgongoni tu. Wote huishi katikati ya vidole vya kiumbe laini cha mwambani, vidole vinavyowasha samaki wengine na kuwaacha wao. Wote huanza maisha wakiwa madume. Mkubwa kuliko wote kwenye kundi huwa jike, wa pili huwa mumewe, na jike akifa mume hugeuka jike. Jozi moja inatosha. Dunia yao nzima baharini ni mita chache kuzunguka makao yao, na hiyo ndiyo sababu yangu ya kuwakubali: kioo hakiwapunguzii mengi. Tena samaki wa jamii hii sasa huzalishwa matangini, kwa hiyo si lazima mtu amtoe mwambani.

Kwa kipimo hicho hicho nilimwongezea mmoja ambaye hakumwomba. Kwenye mchanga wa chini kuna kisamaki kinachoishi shimo moja na kamba. Kamba huchimba na kufagia shimo mchana kutwa, macho yake ni dhaifu sana, na akitoka nje huweka sharubu yake juu ya mwili wa samaki. Samaki huangalia huku na huku; akiona hatari hutikisa mkia, na wote wawili hurudi ndani. Mgeni atakayeketi mapokezi akisubiri ufunguo wa chumba atapata cha kutazama hapo kuliko kwa chewa aliyelala. Juu yao kundi la vijisamaki vya kijani vinavyokwenda pamoja, na kangaja mmoja. Ni hao tu, katika lita 3,000. Waoga waingie kwanza, kila mmoja apate pango, na kangaja aingie mwisho, ili asiyakute maji matupu akayahesabu yote kuwa yake.

Mpwa wangu alitazama orodha iliyobaki kisha akauliza swali zuri. Alisema amesoma kuhusu mbuna, samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa, wale wa upande wa Mbamba Bay na Liuli, wanaopendwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Hao ni wakali sana, na bado wafugaji huwaweka wengi mno kwenye tangi moja, na ugomvi hupungua. Kwa nini tusifanye hivyo?

Ni kweli, hufanyika. Ukiweka mbuna wachache, mbabe mmoja huchagua mnyonge na kumwandama mpaka amuue. Ukijaza tangi, mbabe hukimbiza huyu, akapitiwa na yule, akamsahau wa kwanza. Hakuna anayeweza kumiliki chochote, na mapigo hugawanyika kwa wengi. Mfugaji anahesabu maiti, anaona zimepungua, anaridhika. Mimi siridhiki. Wale samaki hawajatulia, wamechoka tu, na maji yanayobeba uchafu wa wengi kiasi hicho yanasimama kwa uzi wa pampu. Kwa mbuna, waliozoea maji baridi na mawe yenye msongamano, huenda ndiyo njia isiyo mbaya kuliko nyingine. Kwa samaki wa mwambani sitaishauri.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao sisi watu wa mabwawa tungepaswa kuusema kwa sauti, maana umetokea mikononi mwetu. Kuna samaki wanaopatana kupita kiasi.

Mito ya mashariki ya nchi hii ina perege wake wa asili, wa Rufiji na wa Wami. Perege wa Wami alipelekwa Zanzibar, na kutoka Zanzibar akafika Malacca, Malaysia, ambako mtafiti Charles Hickling alimpandisha kwa jike wa perege mwingine aliyetoka Java. Watoto wote wakawa madume. Hickling alichapisha habari hiyo mwaka 1960, na ufugaji wa samaki duniani ukapata njia ya kuzuia msongamano mabwawani. Samaki wa mto ambao basi la Tanga huuvuka kwa dakika moja aliingia katika historia hiyo, na huku kwetu ni wachache wanaomjua.

Sasa sato, mwenyeji wa Nile na maziwa ya kaskazini, aliyetiwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950, amesambazwa kwa ajili ya ufugaji karibu kila mahali. Mabwawa hufurika masika. Vifaranga hupita kwenye mifereji. Watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi nchini, na wenzao wa Uingereza wamewakuta sato na jamaa zake wa kigeni katika mito na mabwawa mengi ya nchi, na matokeo ya uchunguzi huo mpana yalichapishwa mwaka 2019. Mahali pengine wageni hao wamezaana na perege wenyeji. Hakuna aliyeumwa wala kufukuzwa. Wanakula pamoja, wanazaana, na baada ya vizazi kadhaa hakuna tena perege wa pale, kuna mchanganyiko tu. Mvuvi haoni tofauti kwenye sufuria. Ila samaki aliyeumbwa na mto huo kwa maelfu ya miaka, mwenye uwezo wake wa kuhimili joto na chumvi ya mto huo, ametoweka bila vita.

Namwambia mpwa wangu habari hii kwa sababu najua atakachofanya samaki wa tangini akimchosha. Kila mfugaji hujiwa na wazo hilo, tena kwa huruma: ampeleke majini akamwachie. Samaki simba, yule wa mapezi marefu na miiba ya sumu anayeishi kwenye miamba yetu bila kumsumbua mtu, aliuzwa sana Marekani kwa matangi ya nyumbani. Mwaka 1985 alionekana kwa mara ya kwanza baharini Florida, na leo yeye na ndugu yake wa Pasifiki wameenea Karibiani, wakimeza vitoto vya samaki ambao hawakuwahi kujifunza kumwogopa. Hakuna aliyekusudia. Huenda mtu alitaka tu kumpa samaki uhuru wake.

Kuchukua nako kuna mpaka wake. Visiwa vya Mbudya, Bongoyo na Pangavini pamoja na Fungu Yasini, vilivyo karibu na sisi, vilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na tangu sheria ya mwaka 1994 vimo chini ya mamlaka ya hifadhi za bahari. Humo havuliwi samaki, wa kula wala wa urembo. Nimesisitiza hili kwa sababu miamba ile imevumilia baruti za wavuvi, na joto la mwaka 1998 lililoyapausha matumbawe kuanzia Kenya hadi Mafia. Samaki wa tangi la mpwa wangu wawe wamezalishwa, au wawe na kibali na mahali walipovuliwa pajulikane.

Na kuna habari ya lita 3,000 zenyewe. Nilikaa Kisarawe miaka ambayo dumu la maji lilikuwa bajeti ya nyumba, kabla mradi wa kuleta maji kutoka Kibamba haujazinduliwa mwaka 2020. Mama mmoja jirani yangu alikuwa akinawisha watoto wanne kwa maji ambayo ningemwaga bwawani bila kufikiri. Siwezi kutazama ukuta wa maji bila kumkumbuka. Hilo halinifanyi niseme tangi lisijengwe. Maji ya tangi hayatupwi kila siku, na mtoto wa Kibaha anayekwenda shule katika mkoa uitwao Pwani anastahili kuona kwa macho yake rangi ya kangaja aliye hai. Linanifanya niseme likijengwa liwe na sababu ya kuwepo, na shule za jirani ziruhusiwe kuingia.

Kwa hiyo nimemwandikia mpangilio wa kununua, na wa kwanza si kioo cha ukutani. Ni tangi la pili, lita 400, chumba cha nyuma karibu na jenereta, lenye pampu yake, mchujo wake na vipande vya bomba la plastiki vya kujifichia. Kila samaki mgeni akae humo wiki nne hadi sita, magonjwa yaonekane kabla hayajafika kwa wengine. Mgeni akishatoka, libaki likifanya kazi, na maji yawe tayari wakati wote, ili yule atakayeonewa mbele ahamishwe siku hiyo hiyo, na mkali naye akilazimika kutolewa apate pa kuwekwa mpaka apatikane mtu mwenye tangi linalomfaa. Wageni wa nyumba hawataliona. Ameshakadiriwa gharama na fundi, na amelalamika kwamba fedha hazitoshi kwa yote mawili. Nimemjibu apunguze urefu wa kioo cha mbele, lita 2,500 zinatosha kwa samaki aliobaki nao. Hili la nyuma lisiguswe.